Uliza Foleni Kabla ya Namba: Kuisoma Hali ya Tiketi ya Treni Nchini India

Karatasi ile ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya pasipoti, kati ya ukurasa wa viza na barua ya hospitali. Shangazi yangu aliikunjua taratibu mezani kwangu, Pune, akaniambia kwamba wakala aliyemkatia tiketi ya kwenda Chennai alimhakikishia kuwa hakuna shaka yoyote, kwa sababu katika foleni ya kusubiri kitanda yeye ni wa 9 tu. Alikuwa anakwenda kutibiwa goti, akisindikizwa na mwanawe, na miadi yake na daktari ilikuwa keshokutwa asubuhi. Mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu nianze masomo India, na nilipoona pameandikwa PQWL 9 niliwaza kama alivyowaza yeye, kwamba 9 ni namba ndogo na treni yenyewe ni ndefu.

Usiku ule tulisimama kwenye jukwaa la stesheni ya Pune tukiwa na mabegi matatu na fimbo ya Shangazi. Treni ilipofika, mkaguzi wa tiketi alitazama kishikwambi chake, akapitisha kidole juu na chini, kisha akatueleza kwa upole kwamba majina hayamo. Tiketi ilikuwa imejifuta yenyewe saa kadhaa kabla hatujatoka nyumbani, na fedha zilikuwa zinarudishwa kwenye akaunti iliyolipia, yaani akaunti ya wakala. Shangazi alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, si walisema tisa?" Sikuwa na jibu. Treni iliondoka, na miadi ya daktari ikapita.

Tangu hapo nimewasomea tiketi watu wengi, wanafunzi wenzangu na wagonjwa wanaotoka Afrika Mashariki, na karibu wote hufanya kosa tulilolifanya sisi: macho hukimbilia namba na kuziruka herufi zilizotangulia. Herufi ndizo zinazokuambia umesimama katika foleni gani, na treni moja ya India huwa na foleni kadhaa zinazokwenda kwa kasi tofauti kabisa. Mtu wa 9 katika foleni isiyosogea yuko mbali na kitanda kuliko mtu wa 40 katika foleni inayokwenda.

Nianze na namba yenyewe. Kila tiketi yenye nafasi iliyohifadhiwa, iwe imenunuliwa dirishani au mtandaoni, hupewa namba ya PNR yenye tarakimu 10, ambazo za mwanzo huonyesha ni kituo gani cha kompyuta kinachoshughulikia nafasi hizo. Namba hiyo moja inaweza kubeba abiria hadi 6 waliokata tiketi pamoja. Ukiiangalia kwenye tovuti ya Shirika la Reli la India, au kwenye tovuti na programu ya IRCTC, ambayo ndiyo kampuni ya serikali inayouza tiketi mtandaoni tangu mwaka 2002, utaona safari, tarehe, daraja, kisha abiria wa kwanza, wa pili na wa tatu, kila mmoja na hali yake. Mwenye laini ya simu ya India anaweza pia kutuma ujumbe mfupi kwenda 139, akiandika neno PNR na kufuatiwa na zile tarakimu 10, jambo linalofaa sana pale intaneti inaposumbua.

Hapa niseme neno moja la tahadhari ambalo kwangu ni zito. Kuangalia hali ya tiketi hakuhitaji kitu kingine zaidi ya namba ya PNR, pamoja na yale maandishi madogo ya kuthibitisha kwamba wewe si mashine. Tovuti au mtu anayekuomba namba ya kadi ya benki, neno la siri au zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu, kwa madai kwamba anakuangalizia au anakusogezea foleni, anakuibia. Wageni wenye mgonjwa ndani ya nyumba ndio wanaonaswa kwa urahisi, kwa kuwa wana haraka na wana hofu.

Sasa kwenye ukurasa wa majibu kuna sehemu mbili zinazofanana, na wengi husoma moja na kuiacha nyingine. Ya kwanza, iliyoandikwa Booking Status, ni hali uliyokuwa nayo siku uliponunua, na hiyo haibadiliki hata ukiifungua mara mia. Ya pili, iliyoandikwa Current Status, ndiyo hali ya sasa, na hiyo ndiyo ya kufuatilia. Mtu aliyenunua akiwa GNWL 45 na leo anaona WL 12 hana sababu ya kuchanganyikiwa: alipewa namba 45 siku ile, na tangu hapo waliomtangulia wamefuta tiketi zao au wamepata vitanda, naye amesogea hadi nafasi ya 12. Wakati mwingine namba hizo mbili huonekana zote pamoja papo hapo unaponunua, zikitenganishwa na alama ya mkwaju (/), na maana yake ni ileile, kwamba kuna waliokwisha kutoka mbele yako hata kabla hujaingia.

Hali zenyewe, ukiziweka kwa ufupi, ni tatu. CNF maana yake nafasi imethibitishwa na una kitanda au kiti chako. WL maana yake ungali unasubiri. Katikati ya hizo mbili kuna RAC, ambayo nimeona watu wakiifuta kwa woga na wengine wakiishangilia kupita kiasi, ilhali inastahili kueleweka kama ilivyo: una haki ya kupanda treni na una mahali pa kukaa, lakini kitanda cha kulala mnagawana wawili mpaka atakapokosekana mtu.

Usiku wangu wa kwanza wa RAC ulikuwa katika behewa la kulala lisilo na kiyoyozi, na kwenye tiketi paliandikwa 23. Namba hiyo niliielewa baada ya kukaa. Behewa la kulala limegawanywa katika vyumba vilivyo wazi vyenye vitanda 8 kila kimoja: vitatu upande mmoja, vitatu vikitazamana navyo, na viwili ng'ambo ya njia, sambamba na dirisha. Kitanda cha 7 katika kila chumba ndicho cha chini cha pembeni, kwa hiyo vya namna hiyo ni 7, 15, 23, 31 na kuendelea kwa nane nane, na hivyo ndivyo wanavyopewa watu wa RAC. Mchana kitanda hicho hugawanyika kuwa viti viwili vinavyotazamana. Nilikaa upande mmoja, na upande wa pili akakaa mzee mmoja mwenye kapu la mapera, magoti yetu yakikaribia kugusana. Tulipita Solapur hivyo, mimi nikisinzia na yeye akiwa macho, hadi mkaguzi alipokuja na kishikwambi chake akasema kwamba abiria wa kitanda fulani hakutokea. Mkaguzi alinipa mimi kitanda hicho, na mzee akanyosha miguu katika kile tulichokuwa tumekigawana. Tangu siku hiyo, anayeniuliza kama asafiri na RAC humjibu kwa swali: anayesafiri ni nani? Kijana mwenye begi moja na aende bila wasiwasi. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji asiende.

Tukirudi kwenye foleni, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Treni ya masafa marefu haiuzi vitanda vyake vyote kutoka fungu moja. Vitanda hugawanywa katika mafungu, na kila fungu lina wenyewe: wanaopanda mwanzo wa safari, wanaopanda miji mikubwa ya katikati, wanaopanda stesheni ndogo, wanawake wanaosafiri peke yao, wazee, wanajeshi, watu wenye ulemavu, watalii wa kigeni, na lile fungu la dharura linalowekwa kando kwa maombi ya ofisi kuu. Fungu likiisha, wanaolihitaji hupanga foleni yao, na kitanda kinachoachwa huwaendea kwanza wale wa foleni ya fungu hilohilo.

GNWL ni foleni ya jumla, ya wale wanaoanza safari pale treni inapoanzia au stesheni za karibu na hapo. Ndiyo yenye matumaini makubwa, kwa sababu fungu lake ni kubwa kuliko yote, na palipo na vitanda vingi ndipo penye watu wengi wanaofuta tiketi. RLWL ni ya wanaopanda mji fulani mkubwa wa katikati ambao umetengewa vitanda vyake. Hapo kusogea kwako kunategemea watu wa mji huo peke yao, na wakiwa ni wachache, hata namba 5 inaweza kukaa palepale hadi mwisho. PQWL, ile ya karatasi ya Shangazi, ni fungu dogo linalogombewa kwa pamoja na stesheni kadhaa zilizopangana njiani. Vitanda vyake ni vichache, wanaovitaka ni wengi, na wanaofuta ni wachache kwa kuwa walionunua nao ni wachache. Tisa ya wakala ilikuwa ya kweli. Alichokiacha, ama kwa kutojua ama kwa kutojali, ni kwamba foleni yenyewe ilikuwa haiendi.

TQWL nayo ina mtego wake. Hii ni foleni ya Tatkal, tiketi za dharura ambazo huuzwa siku moja kabla ya safari, kuanzia saa 4 asubuhi kwa madaraja yenye kiyoyozi na saa 5 asubuhi kwa yasiyo na kiyoyozi, kwa bei ya juu zaidi. Mtu aliyelipa zaidi hudhani amenunua na upendeleo. Kumbe foleni ya Tatkal haipiti katika RAC hata kidogo: ama unapata kitanda kizima ama hupati chochote, na wakati wa kugawa vitanda vilivyobaki, foleni ya jumla hutangulizwa. Wanunuzi wa Tatkal nao huwa na safari ya kesho, kwa hiyo ni nadra kufuta. Ninapoona TQWL, hata kama namba ni 6, humwambia mtu atafute njia ya pili mapema, kabla mabasi nayo hayajajaa.

Kuna dawa moja ambayo ningependa kila anayepanda njiani aijue. Ikiwa treni inatoka Mumbai nawe unapandia Pune, unaweza kununua tiketi ya kuanzia Mumbai, ukalipa tofauti ya nauli, kisha ukaandikisha Pune kuwa stesheni yako ya kupandia. Kwa njia hiyo unaingia katika fungu la jumla badala ya fungu dogo la njiani. Sharti ni kwamba stesheni ya kupandia ibadilishwe rasmi katika tiketi, maana asiyeonekana mahali alipoandikishwa huhesabiwa kuwa hakuja, na kitanda chake hupewa mtu mwingine. Natamani mtu angetuambia hilo kabla ya usiku ule.

Foleni husogea lini? Watu huniuliza kama waangalie kila saa, na mimi huwashauri wasijitese. Kwa wiki nyingi mwendo huwa wa konokono. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari badala ya siku 120 za awali, na mara tu zikifunguliwa, treni zinazopendwa hujaa. Baada ya hapo husogea kidogo kidogo, kisha kwa kasi zaidi siku chache za mwisho, kwa sababu ada ya kufuta tiketi hupanda kadiri safari inavyokaribia, na mwenye mashaka huona heri afute mapema. Mruko mkubwa hutokea wakati wa chati.

Chati ni orodha ya mwisho ya nani analala wapi. Mpaka itayarishwe, ukurasa wa PNR huandika kwamba bado, na ikishatayarishwa huandika hivyo waziwazi, na mstari huo mdogo ulio chini ni wa kuutazama kwa makini kama vile unavyoitazama namba yako. Wakati wa chati, vitanda vya mafungu maalumu ambavyo havikupata wenyewe, likiwamo lile la dharura, humwagwa kwa wanaosubiri, na ndiyo maana mtu aliyelala akiwa WL 14 anaweza kuamka na kitanda. Kwa miaka mingi chati ya kwanza ilikuwa ikitayarishwa takriban muda wa saa 4 kabla ya treni kuondoka. Mwaka 2025 muda huo ulirefushwa, na treni zinazoondoka kuanzia asubuhi hadi adhuhuri chati zake sasa hutoka usiku wa kuamkia safari. Kwa mgonjwa anayesafiri kutoka mji wa mbali na stesheni, mabadiliko hayo ni neema, kwa kuwa anajua mapema kama atoke nyumbani au abaki. Ila saa hizo kwa kawaida huhesabiwa kutoka treni inapoanzia, si kutoka stesheni yako, na kama treni husafiri usiku kucha kabla ya kukufikia, jibu lako huenda limekwisha kutoka tangu jana.

Baada ya chati hakuna tena kusubiri. Tiketi ya mtandaoni ambayo abiria wake wote wamebaki WL hujifuta yenyewe, fedha hurudi zikiwa zimekatwa ada ndogo ya ukarani, na anayepanda nayo huhesabiwa kuwa hana tiketi. Ikiwa katika PNR moja baadhi wamepata na wengine hawakupata, tiketi haijifuti, na hapo familia inapaswa kukaa chini na kuamua, kabla ya kwenda stesheni, nani asafiri. Kwa hiyo soma kila abiria mstari wake. Nimewahi kuona mama mmoja akishangilia CNF ya kwanza bila kuteremka chini kuona kwamba mwanawe wa kumsindikiza bado ni WL 2.

Lipo pia jambo la saa na tarehe, ambalo kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili lina hatari yake ya pekee. Tiketi za India huandika saa kwa mtindo wa tarakimu 24. Treni iliyoandikwa 00:15 ya tarehe 12 huondoka saa sita na robo usiku, na usiku wenyewe ni ule tunaouita wa kuamkia tarehe 12. Mtu akisema tu "tunaondoka tarehe 12 usiku", akaja stesheni jioni ya tarehe 12, treni yake imeondoka karibu siku nzima iliyopita, na PNR yake, iliyokuwa CNF safi, haina tena la kumsaidia. Humwambia kila ninayemsomea tiketi ataje usiku kwa siku mbili: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Na ndugu walio nyumbani wanaoangalia PNR kwa niaba ya mgonjwa wakumbuke kwamba India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu.

Herufi za behewa nazo zina maana yake. S ni behewa la kulala lisilo na kiyoyozi, B ni la kiyoyozi lenye vitanda vya ngazi tatu, A ni la ngazi mbili, na H ni daraja la kwanza, ambalo hata tiketi ikithibitishwa huwa haionyeshi kitanda mpaka chati itoke, jambo linalowatia watu hofu bure.

Shangazi alirudi India mwaka uliofuata kwa ajili ya goti la pili. Safari hiyo tulinunua tiketi mapema, kuanzia Mumbai, na stesheni ya kupandia tukaandikisha Pune. Tulianza tukiwa GNWL 31 na 32. Hakutaka nimwangalizie: alinunua laini ya India siku ya kwanza, akaiandika namba ya PNR ndani ya jalada la daftari lake, na kila baada ya swala ya alfajiri alituma ujumbe kwenda 139, akaandika majibu kwa kalamu, tarehe upande mmoja na hali upande wa pili. Nimeliona daftari hilo: 27, 27, 24, 19, 19, 11, RAC 6. Chati ilipotoka alinipigia simu nikiwa darasani, nami nikatoka nje kuipokea.

"Imeandikwa CNF, B2, 33," alisema, kisha akanyamaza kidogo, nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, nane, kumi na sita, ishirini na nne, thelathini na mbili. "Thelathini na tatu inaanza chumba kipya, mwanangu. Ni kitanda cha chini, sivyo?"

Nikamjibu kwamba ndivyo, na kwamba mwanawe atakuwa juu yake, kwenye 34.